Dari Aliyoipaka Mama

Nikinusa rangi ya mafuta ikikauka, shingo yangu hukakamaa. Juzi mwanangu alileta fundi aipake dari ya sebule yangu upya, na yule kijana wa watu, mpole, aliyenisalimu kwa heshima, alishangaa kuona mama mzima anamjibu kwa ukali kama amemkuta jikoni bila ruhusa. Alikuwa amesema tu, "Mama, nikimaliza hapa utapenda." Nikatoka nje, nikakaa kwenye stuli karibu na kibanda cha kuku mpaka alipoosha brashi zake. Hakuwa na kosa. Hasira yangu ni ya kabla hajazaliwa, na ninaiandika hapa kwa ajili yenu wa rika langu, kwa sababu watoto wetu wakiisikia hadithi hii huuliza, "Sasa si mngehama tu?"

Tulihama. Ndiyo hadithi yenyewe.

Tuliishi Kawangware, kwenye nyumba ya mbao iliyosimama katikati ya ploti ya Mzee Ndirangu. Mzee alikuwa mzaliwa wa hapo hapo. Shamba lilikuwa la baba yake, na ile nyumba ya mbao aliijenga mwenyewe alipooa. Alipopata nguvu akajenga ya mawe upande wa pili wa ua, akahamia huko na mkewe, na nyuma akapanga vyumba vya mabati vya wapangaji. Alikuwa mzee wa kanisa. Alivaa kofia ya kijivu ambayo aliigusa kidogo kila akisalimia wanawake, na kila mtu alisema ni mtu wa Mungu. Nami nilisema hivyo.

Ile nyumba ya mbao wapangaji waliikataa, ndiyo maana tuliipata sisi. Mabati yake yalikuwa yanavuja na upepo ulipita kwenye nyufa, lakini ilikuwa na vyumba viwili vikubwa, sakafu ya simiti, na kitu ambacho hakuna mwingine kwenye ploti alikuwa nacho: silingi. Ndivyo tulivyoiita dari, silingi. Wenzetu wa vyumba vya nyuma walilala wakitazama mabati na misumari. Sisi tulilala chini ya bodi zilizopakwa rangi kama Wazungu wa Lavington, ambako baba yangu alikuwa akilima maua ya watu.

Shida ni kwamba rangi hiyo ilikuwa imechoka. Ilibambuka vipande vipande, ikajikunja, ikaning'inia juu yetu kama maganda ya ndizi yaliyokaukia juani. Ukifunga mlango kwa nguvu, vinaanguka. Mtu wa nyumba ya mawe akigonga kitu, vinaanguka. Vilianguka kwenye chai, kwenye ugali, kwenye nywele zetu tukilala. Baba akiona kibanzi kwenye mboga alikiondoa kwa ncha ya kidole, akakiweka ukingoni mwa sahani, akaendelea kula. Hivyo ndivyo alivyokuwa Baba. Mama yeye alifunika kila kitu: sufuria, ndoo ya maji, vikombe, mpaka Biblia. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya vifuniko.

Mimi sikuona shida. Rafiki yangu Wambui, ambaye mama yake aliuza makaa na kukaa chumba cha kwanza nyuma yetu, alikuwa ameniambia kwamba nyoka hutoa ngozi ili apate kukua. Nikaamini nyumba yetu ilikuwa inakua. Nilikuwa nalala chali kwenye mkeka nikitazama magamba yale na kungoja siku nitakayoamka niikute ni kubwa kama ile ya mawe. Nilimwambia Mama. Alinitazama, akasema, "Kageha, kula chakula chako."

Kisha siku moja mdogo wangu Amosi, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua, alikuwa amelala kitandani akichezea vidole vyake. Mama alikuwa anachambua mboga. Sikusikia kitu. Ni Mama aliyeinua kichwa, kwa sababu mtoto alikuwa amenyamaza vibaya. Alipomfikia uso ulikuwa umekuwa wa rangi ya zambarau, mdomo wazi, macho yamemtoka. Alimgeuza, akampiga mgongoni, akamtia kidole kooni mpaka nikafikiri atampasua. Kilitoka kibanzi cha rangi kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na damu kidogo. Amosi alipolia, Mama naye alilia. Halafu akajipangusa, akamfunga mgongoni, akanishika mkono, tukavuka ua kwenda nyumba ya mawe.

Mzee Ndirangu alikuwa kwenye veranda anakunywa uji.

"Mzee," Mama alisema, na hakungoja kukaribishwa, "ile silingi itaniulia mtoto."

Akamwonyesha kile kibanzi. Mzee alikichukua, akakigeuza, akakirudisha mkononi mwa Mama kama mtu anayerudisha chenji.

"Mama Kageha, ile nyumba nimelea watoto wangu wote ndani yake. Hakuna aliyekufa."

"Wakati huo rangi ilikuwa mpya. Sasa inaanguka."

"Nyumba ya zamani ni kama mzee, haikosi ugonjwa." Alicheka. Mama hakucheka. Basi akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ile ya kanisani, "Sikiza. Mimi sina haja na ile nyumba tena. Tengenezeni vile mnataka, na mimi sitawasumbua. Mkishaitengeneza, hiyo nyumba ni yenu. Mtakaa mpaka huyu msichana aolewe." Akaniwekea kiganja kichwani.

Nyumba ni yenu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa mtoto, na mtoto akiambiwa kitu ni chake, ni chake. Kesho yake niliwaambia darasa zima kwamba Mzee Ndirangu ametupa nyumba. Wambui alibisha mpaka tukavutana nywele. Leo najua kwamba mzee alikuwa na maana nyingine, au hakuwa na maana yoyote. Lakini Mama, mtu mzima mwenye akili zake, naye alimwamini. Hakuamini kwamba nyumba ni yake. Aliamini kwamba atakaa. Na mtu akiamini atakaa mahali, anafanya kazi tofauti na mtu anayepita.

Baba alianza na mabati. Jumapili mbili alipanda juu akaziba matundu ya misumari kwa lami. Kisha akaomba rangi. Tajiri wake Lavington alikuwa amepakiwa nyumba rangi, na mikebe iliyobaki nusu ilikuwa imetupwa kwenye gareji. Baba hakuwa mtu wa kuomba, lakini siku hiyo aliomba, akaja nayo begani ndani ya gunia, mikebe ya kila aina, juu ya rangi kukiwa na utando mgumu kama wa maziwa yaliyopoa. Mama aliutoboa kwa kijiti na kutazama ndani, akanusa, akafumba macho. Nyumba yote ikanuka tapentaini. Nilidhani hiyo ndiyo harufu ya utajiri.

Mara ya kwanza Mama alikosea. Alifagia vilivyokuwa vinaning'inia kwa ufagio wa chelewa, akapaka juu yake rangi mpya. Ilipendeza. Tulikaa nayo hivyo, tukajisifu, na mvua zilipoanza na hewa ikalowa, rangi ile yote ilianza kuvimba kama mandazi. Ikashuka. Haikushuka vibanzi vibanzi kama zamani. Ilishuka mapande mapande, na pande moja lilimwangukia Baba kichwani akiwa anakunywa chai. Wambui aliyekuwepo alicheka. Mama alimtazama mpaka akanyamaza.

Nilifikiri ataacha. Badala yake alipanda juu ya meza, akaloanisha kidole kwa mate, akasugua ile sehemu iliyobaki wazi. Kidole kikatoka cheupe.

"Chokaa," alisema. "Chini ni chokaa. Yule mzee alipaka chokaa, halafu akaja kupaka rangi ya mafuta juu yake. Rangi imeshika chokaa, chokaa haishiki kitu." Akashuka. "Inabidi itoke yote mpaka kwenye bodi."

Yote, vyumba viwili. Wale mliowahi kukwangua dari mnajua ninachosema. Ukikwangua ukuta, uchafu unaanguka miguuni. Ukikwangua dari, unakuangukia wewe machoni. Mama aliazima meza ya Mama Wambui akaiunganisha na yetu, akajifunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi na nyingine mdomoni, akachukua kisu cha mkate kilichovunjika ncha, na kila akitoka kufua nguo za watu alipanda pale. Alikuwa akilowesha kwanza kwa kitambaa ili vumbi lisiruke, na maji meupe yalitiririka kwenye mikono yake, yakaingia kwapani, yakalowesha gauni mpaka kiunoni. Macho yalikuwa mekundu kutwa. Usiku alikuwa hawezi kugeuza shingo. Kanisani alikaa uso umeinuka, na mke wa mhubiri akamwambia baada ya ibada kwamba amependa kuona anavyomtazama Bwana. Mama akajibu, "Nimekwama."

Nami nilifanya kazi. Nilisimama juu ya kreti za soda nikakwangua pembeni, ambako dari inakutana na ukuta, kwa kijiko. Amosi tulimpeleka kwa Mama Wambui, akashinda huko kati ya magunia ya makaa, akarudi mweusi ilhali sisi ni weupe. Kwenye bodi kulikuwa na madoa ya maji ya rangi ya kahawia, makubwa, yaliyokuwa kwangu nchi na maziwa kama ya ramani ya shule. Nilihuzunika Mama alipoyafunika. Alitengeneza uji mzito wa unga wa chaki na gundi, akaziba nyufa, akasugua kwa msasa, akaosha masizi ya koroboi kwa maji ya magadi. Ndipo akapaka. Rangi ya mafuta ilinidondokea kichwani ikakauka, ikabidi ninyolewe kipara kwa wembe. Shuleni waliniita Yai. Sikujali. Ilikuwa nyumba yangu.

Kwa kuwa hakuna mkebe uliotosha peke yake, Mama alichanganya yote kwenye beseni moja, nyeupe, ya maziwa, na buluu kidogo, akakoroga kwa mpini wa mwiko, akaongeza, akakoroga tena. Ilitoka rangi ambayo sijaiona tena dukani popote, na nimetafuta. Ilikuwa karibu nyeupe, lakini ukiitazama asubuhi ilikuwa na ubaridi ndani yake, kama hewa ya juu ya mto.

Siku kazi ilipokamilika Baba aliingia kutoka kazini na kuvua kofia. Hakuwahi kuvua kofia nyumbani mwetu. Alisimama katikati ya chumba ameishikilia kifuani kama yuko kanisani, akazunguka polepole akitazama juu, akasema, "Mama Kageha." Basi. Tulikula ugali siku hiyo na vifuniko vyote viko pembeni.

Mzee Ndirangu alianza kututembelea. Alikuwa akija mchana, anagusa kofia yake, anasimama mlangoni. "Mama Kageha, wewe una mikono." Aligonga ukuta hapa na pale kwa kifundo cha kidole. Aliuliza kama kunavuja bado. Mama alimjibu hapana, kumekauka. Akauliza kama rangi itakaa. Mama alimwambia itakaa kwa sababu imeshika bodi. Nilifurahi akija. Nilidhani anatuonea wivu, na nilitaka atuonee wivu zaidi.

Kisha Jumapili moja, baada ya kanisa, alikuja na wageni. Mkewe alikuwepo, na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi ofisini mjini, na mwanamke mnene mwenye mkoba mweupe, na msichana aliyevaa viatu virefu, aliyetazama chini muda wote. Walijaa chumbani. Mama alifurahi na kuhaha kwa pamoja, kwa sababu hatukuwa na viti vya kuwatosha. Akawasha stovu kuchemsha chai. Wote walitazama juu. Walizungumza Kikuyu, ambacho Mama hakukijua zaidi ya salamu na bei ya viazi. Lakini mimi nilikijua. Nilikuwa nacheza na Wambui kutwa kucha.

Nilikimbia hadi kwenye stovu nikamvuta Mama gauni.

"Mama! Yule mama mnene amesema bi harusi atapenda! Kutakuwa na harusi kwetu!"

Nilikuwa nimeshafikiria chapati. Nilikuwa nimeshaona maua yakining'inizwa kwenye ile dari yetu, watu wakicheza, nami nikiwa mwenyeji nimevaa gauni. Mama alikuwa anamimina chai. Mkono wake ulisimama hewani, birika limeinama, chai ikaendelea kutoka, ikajaza kikombe, ikajaza kisosi, ikamwagika mezani.

"Amesema nini tena?" aliniuliza polepole.

"Amesema kitanda kitakaa pale. Na mapazia."

Mama aliweka birika chini. Aliipangusa meza. Alibeba chai akawapelekea wote, kikombe kwa kikombe, na wakainywa. Nasema tena: wakainywa. Yule mzee alikunywa chai ya mama yangu chini ya dari aliyoipaka mama yangu, akijua, akasema, "Asante, Mama Kageha, Mungu akubariki." Nimezeeka na bado sijui mtu anameza vipi chai kama hiyo.

Kesho yake jioni alikuja peke yake, Baba akiwa amerudi. Hakuketi.

"Musa," alimwambia baba yangu, kwa sababu hakuwa anaongea na Mama sasa, "unajua kijana wangu anaoa. Hana mahali. Itabidi mnipishe mwisho wa mwezi."

Nilimtazama Baba. Nilingoja. Baba alikuwa mtu mwenye mabega mapana, nilikuwa nimemwona akiinua kisiki peke yake. Alikuwa amesimama, mikono nyuma, anatazama viatu vya Mzee.

"Ndiyo, Mzee," alisema.

"Mzee, uliniambia aje mimi?" Mama alitokea chumba cha ndani. "Ulikuwa pale kwako unakunywa uji. Uliniambia aje?"

"Mama, hayo yalikuwa maongezi tu."

"Uliweka mkono kwa kichwa cha mtoto wangu!"

"Musa, ongea na bibi yako," Mzee alisema, akagusa kofia, akaondoka.

Nilimchukia Baba. Niseme ukweli, nilimchukia zaidi ya Mzee, kwa sababu Mzee hakuwa wangu. Mama alimuuliza, "Ndiyo, Mzee? Ni hayo tu uko nayo?" Baba akasema, "Shamba ni lake, nyumba ni yake. Nitasema nini?" Mama hakumjibu tena siku hiyo, wala iliyofuata. Aliweka chakula mbele yake na kugeuka. Mimi nilichukua kile kisu cha mkate nikapanda juu ya meza niiondoe rangi yote, ibaki bodi, bi harusi atazame madoa. Mama alinikuta nimeinua mkono. Alinishusha akanichapa kofi moja, la kweli.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema. "Hakuna mtu atagusa kazi yangu. Hata wewe."

Jumapili iliyofuata hatukwenda kanisani kwetu. Mama alinivalisha gauni la Krismasi, akamfunga Amosi mgongoni, akaniambia twende. Baba alipotuuliza tunaenda wapi, Mama alikuwa ameshatoka getini. Tulikwenda kanisa la Mzee Ndirangu. Tulikaa benchi la nyuma. Mzee alikuwa mbele na wazee wenzake, kofia magotini. Yalipofika matangazo, mwanawe na yule msichana wa viatu virefu wakasimamishwa mbele ya watu, na mchungaji akasoma majina yao kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, akasema kwamba mtu yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii na aseme.

"Mimi niko nayo," Mama alisema.

Alikuwa amesimama. Kanisa zima liligeuka, mabenchi yakalia. Nilitazama sakafu. Nilidhani tutakamatwa na polisi.

"Mama, sema vizuri tukusikie," mchungaji alisema, amechanganyikiwa. "Una pingamizi gani?"

"Hawa watoto sina neno nao. Waoane, wazae. Lakini nyumba wanapelekwa kulala imechukuliwa kwa uongo. Mtoto wangu huyu alitaka kufa kwa sababu ya silingi ya hiyo nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba. Akaniambia niitengeneze, nitakaa mpaka msichana wangu aolewe. Nimeikwangua kwa kisu. Macho yangu mnayaona. Sasa imekuwa nzuri, ananiambia nitoke. Yuko hapo mbele. Nataka aseme mbele ya Mungu wenu kama nadanganya."

Mzee Ndirangu hakugeuka. Nilikiona kisogo chake na masikio yake, na masikio yalikuwa yamebadilika rangi.

"Mama," mchungaji alisema kwa upole, "hiyo si pingamizi ya ndoa."

"Umeuliza mtu yeyote. Mimi ni mtu."

Wazee wawili walikuja wakamshika viwiko, wakamtoa nje. Hawakumvuta, ila hawakumwachilia. Mimi nilifuata nyuma. Nilipogeuka mlangoni, yule bi harusi kule mbele alikuwa analia, na hata leo sijui alikuwa analilia nini. Nje Mama alirekebisha leso yake, tukatembea mpaka nyumbani. Jioni Mama Wambui alileta githeri kwenye bakuli, akakaa kwenye kreti yetu, akamshika Mama mkono. Alikuwepo kanisani. Alisema, "Umesema na yangu." Na Mama, aliyekuwa hajalia tangu siku ya kile kibanzi, alilia.

Haikubadilisha kitu. Ningependa kuwaambia kwamba mzee alitubu, au kwamba bi harusi aliikataa nyumba. Harusi ilifanyika na wakahamia. Mhubiri wa mazishi ya Mama, miaka mingi baadaye, alisema marehemu alikuwa mwanamke wa kusamehe. Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu. Mama yangu alisamehe watu wengi na vitu vingi, lakini lile hakulisamehe, na sitaki apokonywe hasira yake pia.

Dada yake Mama alitupatia chumba Kibera, upande wa Makina, ploti ya mama mmoja Mnubi. Siku ya kuhama Baba alikodi mkokoteni. Tukapakia kitanda, meza, sufuria na vile vifuniko vyote, tukafunga kamba. Baba na Mama walikuwa bado hawajazungumza vizuri. Mama alifagia vyumba vyote viwili na kupiga deki. Nilimwambia asifagie. Akafagia.

Mzee Ndirangu alitoka kwenye nyumba ya mawe akavuka ua. Wapangaji walikuwa nje wanatazama. Nadhani alitaka watazame. Alikuja moja kwa moja kwa Baba akanyoosha mkono wa kuagana, uso wake wa kanisani, tabasamu na kila kitu.

"Haya, Musa. Tusiachane vibaya."

Baba alikuwa ameshika mipini ya mkokoteni. Hakuiachilia. Aliutazama mkono wa Mzee, akamtazama Mzee usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mikono imeshika mzigo, Mzee," alisema.

Mkono wa Mzee ulikaa pale hewani, watu wote wanauona, kisha ukarudi mfukoni. Baba akainama, akavuta mkokoteni, tukatoka getini.

Tulikuwa tumekwisha kuvuka barabara ya Ngong, Baba jasho linamtoka, Mama nyuma akisukuma, ndipo Mama aliposema, neno la kwanza la maana baada ya wiki kadhaa, "Baba Kageha, mbona hukumpa mzee mkono?"

"Si nilikuwa nimeshika mkokoteni."

"Mkokoteni ulikuwa na mawe kwa magurudumu, nilikuwa bado sijayatoa. Haungeenda popote."

Baba alitembea hatua chache. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama naye akashikwa, akaegemea kitanda chetu kilichofungwa kwa kamba, akacheka mpaka Amosi akaamka mgongoni. Walisimama kando ya barabara na vitu vyetu vyote wakicheka, watu wanapita wanawatazama.

Mimi sikucheka. Niliona wamerukwa na akili. Tulikuwa tumepokonywa nyumba, nyumba iliyokuwa yetu, na wao wanacheka. Nilitembea mbele yao peke yangu mpaka Makina, ngumi nimezikunja, na mpaka leo, nikiwakumbuka wote wawili pale barabarani, ninatamani ningeweza kucheka nao, na siwezi.